Ukwaju Ndani ya Mashine ya Bi Gulshan

Siku ya tatu ya msiba wa Zuhura, binti yake Latifa alinivuta mkono kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akaniingiza jikoni na kufunga mlango. Nyumba yao iko Barking, nyembamba na ndefu, na siku ile ilijaa viatu tangu mlangoni hadi juu ya ngazi. Nilidhani anataka kulia mbali na watu. Kumbe alitaka kunionyesha mashine ya kahawa. "Anti, haitoi. Inatiririsha tone moja moja, halafu inalia. Baada ya khitma Baba na wanaume wenzake watataka kahawa, na Mama hajawahi kumpa mgeni kahawa ya kopo. Not once. Wewe unaijua, sivyo? Mama alisema wewe unazijua mashine hizi." Nilimwambia naijua. Magoti yalikuwa yananiuma, usingizi nilikuwa sijaupata tangu nipigiwe simu, na lau angeniomba nisugue masufuria yote ya pilau ningemshukuru zaidi. Lakini mtoto wa marehemu hakataliwi. Nikaomba bisibisi, spana ndogo na taulo kuukuu, nikavuta kiti.

Ilikuwa mashine ya espreso ya mkono, ya namna ile ya zamani: tangi dogo la shaba linalochemsha maji, na wenzo mrefu unaoushusha kwa nguvu ili maji yapite kwenye unga wa kahawa. Zuhura aliinunua alipoacha kazi ya mkahawani, miguu yake ilipoanza kuvimba kwa kusimama. Miaka yote hiyo niliyokuja kwake, kwa arusi, kwa Idi, kwa kumtazama mgonjwa, niliketi sebuleni nikaletewa kikombe. Jikoni sikuingia. Nilikuwa na visingizio vingi, na uzee ulipokuja ukaniongezea kingine. Sasa nilikuwa nimeketi mbele ya mashine, mwenyewe amelala makaburini chini ya udongo wa mvua, na hapakuwa na kisingizio kilichobaki.

Mimi na Zuhura tuliishi pamoja mwaka mmoja tu, na hata huo haukutimia. Ilikuwa miaka kama kumi na miwili baada ya Mapinduzi, nasi tulikuwa wasichana wawili wa Unguja tunaosafisha wodi katika hospitali moja ya London, tukipanga chumba cha juu kwa Bi Gulshan, huko Stanmore. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kabati lisilofunga, na dirisha linalotoka jasho tangu Novemba mpaka Machi. Zuhura alifanya zamu ya mchana, mimi nikafanya ya alfajiri, kwa hiyo mara nyingi tulikutana saa kumi jioni, mmoja akivua viatu na mwingine akitafuta soksi. Bi Gulshan alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Hurumzi, Mji Mkongwe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kuliko changu. Alitupikia wali wa choroko na mchuzi wa bilingani, akatuwekea achari ya embe katikati ya meza, akatukaripia kama aliyetuzaa. "Mnakula kama watu wanaokimbizwa. Nani anawakimbiza? Kaeni." Tulikuwa tumechoka namna ambayo nikiwaeleza vijana wa sasa wananitazama kwa huruma, halafu wanarudi kwenye simu zao. Tulisinzia tukiwa tumeshika vijiko.

Kilichokuwa kinatusimamisha kila asubuhi ni skuli ya uuguzi. Tuliomba nafasi wote wawili, tukafanya mtihani wote wawili, Zuhura akanipita kwa mbali. Ikabaki barua. Skuli ilitaka kila mwombaji alete barua ya mtu mwenye nyumba na heshima zake, anayemjua vizuri na anayeweza kumdhamini kwa tabia. Sisi London nzima hatukuwa na mtu wa namna hiyo isipokuwa Bi Gulshan. Akatuahidi atatuandikia kabla ya Pasaka ya wenyewe, barua mbili, kila mtu yake. Bila barua tungebaki na ndoo na fagio. Hilo tulilijua vizuri sana, na mimi nililiwaza hata nikiwa nakosha vyoo.

Kwa Bi Gulshan nako kulikuwa na mashine ya namna ile ile, ya marehemu mumewe, aliyeinunua kwa jirani Mtaliana aliyekuwa anahama. Bwana huyo alikwisha fariki tulipofika, lakini sheria zake zilikuwa hai. Kahawa saa kumi jioni, vikombe viwili. Viungo ndani ya mashine ni haramu, kwa hiyo Bi Gulshan alitafuna punje ya iliki kwanza, kisha akanywa. Na Jumamosi ilikuwa siku ya mashine: ipoe kabisa, ifunguliwe, chujio lipigwe brashi, mpira wa mdomoni ukaguliwe kama umekauka. Mara moja kwa mwezi ilikuwa inanyweshwa maji ya unga wa ndimu, kwa sababu maji ya London yana chokaa inayoganda ndani ya kila kinachochemka, halafu inasuuzwa mara tatu. Bi Gulshan alitufundisha wote wawili. Zuhura alishika siku ya kwanza. Alikuwa na mikono inayosikia. Aligusa parafujo akajua imebana kiasi gani. Mimi nilishika siku ya kwanza nikaangusha parafujo nyuma ya jiko, tukaitafuta kwa sumaku hadi magharibi. Toka hapo mashine ikawa ya Zuhura, na mimi nikapewa ngazi na bafu.

Sikujali, au nilijiambia sijali, mpaka jioni moja niliposikia nisiyopaswa kuyasikia. Bi Gulshan alikuwa na dada yake Leicester, wakizungumza kwa simu kila Alhamisi. Mambo ya kawaida waliyasema kwa Kikachi, lugha ya kwao. Mambo ya siri waliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu mkwe wa yule dada hakujua Kiswahili hata neno. Bi Gulshan alisahau kabisa kwamba juu ya ngazi wanaishi Waswahili wawili. Nilikuwa nimeketi kwenye daraja la tano la ngazi, fagio mkononi, nikamsikia. "Zuhura nitamwandikia kwa roho safi. Ana akili, ana mikono, nampa mashine ya marehemu naye anailea. Rukia? Rukia mtoto mzuri. Lakini sijamwona alifanyalo likakaa sawa. Nitamwandikia nini? Uongo siwezi." Niliendelea kufagia daraja lile lile moja kwa muda mrefu. Wivu ulinishika, na nilimwonea mtu aliyekuwa akinipashia chakula changu kila jioni kabla ya kula chake.

Siku zile shemeji yake Bi Gulshan, Bwana Sherali, alikuwa anakuja kutoka Nairobi na mkewe, na Jumapili wangefika kula. Jumamosi Zuhura aliitwa kazini ghafla kwa sababu mwenzake anaumwa. Alipokuwa akifunga koti aliniambia, "Mashine niachie, Rukia. Nitaifanya kesho asubuhi." Bi Gulshan akatoka kwenda kununua nyama. Nikabaki peke yangu, nami nikaona hii ndiyo fursa. Unga wa ndimu ulikuwa umekwisha. Lakini mimi ni mtu wa kwetu, na kwetu nani asiyejua kung'arisha shaba? Sinia, vyetezo, deli za kahawa, vyote tulivisugua kwa ukwaju na majivu kila mgeni alipotarajiwa, mpaka ukajiona meno. Ukwaju ulikuwepo kabatini. Majivu yalikuwepo kwenye meko ya sebuleni. Niliifungua mashine kama nilivyofundishwa, nikasugua tangi nje, nikatia mkono nikasugua ndani, nikachomoa hata kile kidude kidogo cha juu, chenye springi, kinachofunguka kuachia mvuke ukizidi. Kidude hicho nilikisugua kuliko vyote, kwa kuwa kilikuwa cheusi. Nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Shaba iliwaka. Nilisimama nikaitazama, nikawaza barua yangu.

Jumapili Bi Gulshan aliingia jikoni na wageni nyuma yake, akapiga makofi. "Mashallah, Zuhura! Leo umeing'arisha, shemeji atazame!" Zuhura, aliyekuwa amechelewa kuamka kwa uchovu wa zamu, aliitazama mashine, kisha akanitazama mimi, akafungua kinywa, lakini akaambiwa afanye haraka wageni wana hamu ya kahawa. Nilikuwa nangoja wanywe kwanza, ndipo niseme kwa madaha kuwa ni mimi. Mashine zile hazikuwa na kitu cha kujizima. Ukiiwasha inapanda tu, na kile kidude cha juu ndicho kinachoiokoa. Zuhura alisimama pembeni akisikiliza, nikamwona anakunja uso. "Mbona haipumui?" akasema, akanyoosha mkono auzime umeme. Hakuwahi. Kile kioo chembamba cha ubavuni, kinachoonyesha maji yamefika wapi, kilipasuka, na maji yanayochemka yakamrukia Bi Gulshan mkono wa kulia, toka kifundo mpaka kiwikoni.

Sitaki kuueleza ule ukelele. Tuliuweka mkono chini ya bomba la maji baridi, mke wa Bwana Sherali akisoma dua, mchele umemwagika, paka wa jirani amekimbia dirishani. Mkono ulipokwisha kufungwa kitambaa, Bwana Sherali alikwenda kuitazama mashine, akakikuna kile kidude kwa kucha. "Hiki hakikufunguka. Kimeziba. Mashine husafishwa na nani?" Bi Gulshan, macho mekundu, akasema, "Zuhura." Wote wakamgeukia. Zuhura hakumtazama yeyote kati yao. Alinitazama mimi, akangoja, muda unaotosha kumimina kikombe kimoja. Mimi nikatazama mchele sakafuni. Akasema, "Ni mimi, Bi Gulshan. Niwie radhi."

Usiku ule Bi Gulshan alimwambia ahame, akampa mpaka Alhamisi. Chumbani hatukuwasha taa. Nilitarajia anitukane, na ningepona kidogo lau angenitukana. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka tu, "Leo ana maumivu na ana wageni, ukimwambia leo atatutoa sote. Mwache apoe. Mwambie wewe mwenyewe, Rukia. Mie sikusemei." Nikasema nitamwambia. Nilikusudia hivyo, wallahi. Jumatatu Zuhura aliporudi kutoka kazini alivua koti, akaifungua mashine mezani, akaanza kuitengeneza, kioo kipya akakipata kwa fundi mmoja. Aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema bado, analala. Jumanne akakifungua kile kidude kwa pini, akatoa ndani ya springi nyuzi za ukwaju na majivu yaliyoganda kama saruji, akavipanga juu ya gazeti. "Umemwambia?" Bado, simu ya Leicester imeingia leo, dada yake kasikia habari ya mkono. Na kweli ilikuwa imeingia, nami nilikuwa nimeisikia yote kutoka daraja la tano. "Nitaandika moja," Bi Gulshan alikuwa amesema. "Huyu Rukia ananifunga mkono huu asubuhi na jioni, hata siumii. Nilimdhania vibaya."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi nilikuwa ninaufungua ule mkono, ninauosha, ninaupaka dawa ya hospitali, ninaufunga upya kwa uangalifu wa mtu anayetaka kusamehewa bila kuomba. Naye alikuwa ananisifu. Kadiri alivyonisifu ndivyo ulimi wangu ulivyozidi kuwa mzito. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na hakuna kilichoniumbua, nilipata barua. Niliisoma kwa siri kabla ya kuipeleka skuli. Iliandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala, na ilisema kwamba Rukia ana mikono mipole, na kwamba mwandishi anaijua mikono hiyo kwa maumivu yake mwenyewe.

Jumatano usiku, mkoba wake ukiwa umekwisha fungwa, Zuhura aliniita jikoni. "Njoo nikuonyeshe, maana nikiondoka hakuna wa kuishika." Alinionyesha kila kitu tangu mwanzo, polepole, akanifanya nirudie. Mpira unapakwa mafuta kidogo sana. Chujio halipigwi kwa nguvu. Kidude cha juu kinainuliwa kwa ncha ya kisu kila Jumamosi, kuona kama kinacheza. "Na ndani hapasuguliwi, Rukia. Kamwe. Ndani panapitishwa maji ya ndimu, basi." Nikasema nimesikia. Akakausha mikono. "Hukumwambia," akasema. Hakuwa anauliza. Nikaanza kulia, akanipa kile kitambaa alichokaushia mikono, akapanda kulala. Asubuhi niliporudi kutoka kazini kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Alilala sakafuni kwa binamu yake huku Barking wiki nyingi, barua hakupata, nafasi yake skuli ikapewa mwingine. Akaingia kuosha vikombe katika mkahawa wa Mtaliana mmoja, ambako siku ya pili alimtengenezea mashine yake, na hapo akakaa miaka thelathini.

Mimi nilivaa sare ya uuguzi miaka thelathini na minne. Tuliendelea kujuana, kama watu wa Unguja wa London wanavyojuana, kwenye arusi na misiba. Alinikirimu kama ndugu yake: nilipofiwa na mume alikuja na sufuria mbili, akakaa siku saba. Lile la mashine hakulitaja. Nami nilikuwa nimeuzoea ule mzigo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, mpaka nikadhani ndivyo mguu ulivyo. Mara mbili nilikwenda hadi mlangoni kwake nimekusudia kusema. Mara ya kwanza kulikuwa na wageni. Mara ya pili hakukuwa na mgeni yeyote, na bado nikazungumza habari za bei ya samaki.

Basi nikaifungua mashine ya Zuhura mbele ya mtoto wake. Kilichoiziba kilikuwa chokaa tu. Alikuwa ameugua miezi mitano, na hakuna aliyeinywesha. Nikainua kidude cha juu kwa ncha ya kisu. Kilicheza vizuri, kisafi. Nikamwomba Latifa unga wa ndimu, akafungua mtoto wa meza chini ya mashine, akanipa. Wakati maji yanapita nikauliza, kwa kutaka kusema jambo lolote tu, kama wana ukwaju wa kutosha kwa juisi ya wageni. Akacheka kwa mara ya kwanza siku zile tatu. "Ukwaju wetu unakaa nje, Anti. Kwenye shed, pamoja na makopo ya rangi. Since I was little. Mama hataki kabisa uingie jikoni ambako kuna mashine. Tulikuwa tukimuuliza kwa nini, anasema, 'Muulizeni Anti yenu Rukia.' Kila mara, hivyo hivyo. Muulizeni Rukia." Akaegemea sinki, akijifuta macho. "Hatukukuuliza. Tulidhani ni mzaha wenu wa ujana. So nakuuliza sasa. Kwa nini?"

Nilikwisha isuuza mara tatu, na mashine ilikuwa inaanza kupumua, mvuke mwembamba unatoka juu, kama inavyotakiwa. Ningeweza kusema ni mzaha. Alikuwa amenifungulia mlango huo mwenyewe, na mlango wa namna hiyo nimeupitia maisha yangu yote. Nikawaza kwamba Zuhura aliniambia usiku ule hatanisemea, na hakunisemea, hata kwa watoto wake. Alikaa miaka arubaini akiniachia neno langu nilichukue mwenyewe. Nikamwambia Latifa. Nilimwambia ukwaju, majivu, mkono wa Bi Gulshan, mchele sakafuni, siku tatu nilizopewa, na barua. Sauti yangu ilikuwa kavu, sikulia, maana machozi yangemlazimisha anibembeleze katika msiba wa mama yake. Nyuma ya mlango walikuwa wameanza kusoma.

Latifa aliitazama mashine. Nilingoja aseme juu yangu, lolote lile, nilikuwa tayari nalo. Lakini hakuwa ananiwazia mimi. "Mama alitaka kuwa nesi?" akauliza.

"Alitaka. Alifaulu kunipita."

"Alituambia alipenda mkahawa," akasema. "Siku zote alituambia alipenda mkahawa tu."

Akageuka, akashusha vikombe vidogo kutoka kabatini, kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia bila kunitazama. Nikatia kahawa, nikashusha wenzo kwa mikono miwili, ikatoka nyeusi na povu lake, sawasawa. Vilipojaa vyote alilisukuma sinia upande wangu wa meza. "Wapelekee wewe, Anti," akasema. "Mwambie Baba imetengenezwa na nani, na kwa nini unaijua, kama ulivyoniambia mimi." Akanifungulia mlango, akaushika mpaka nikapita.